Kukaa Kabla ya Kuchoka

Shamba letu la zabibu liko Makutupora, Dodoma, na safu zake zinaanzia karibu kabisa na ukuta wa jiko. Ukifungua dirisha la chumba cha kulala unaona vichwa vya nguzo, na waya zinazokwenda sambamba hadi kwenye uzio wa minyaa. Niliporudi kutoka Dar es Salaam, baada ya upasuaji wa titi, dawa za dripu na mionzi, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kufungua dirisha hilo. Jambo la kwanza alilofanya wifi yangu lilikuwa kulifunga.

"Vumbi," alisema. "Lala."

Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu. Alikuja kutoka Mpwapwa na godoro lake, sufuria yake ya uji, na nia ya kukaa mpaka nipone. Ni mjane, mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na sijawahi kuhudumiwa na mtu kwa bidii kama ile. Alinipikia uji wa uwele asubuhi, ugali na mlenda mchana, mchuzi wa kuku jioni. Maji yangu ya kuoga aliyapima joto kwa kiwiko, kama ya mtoto mchanga. Nikishika ufagio alinipokonya. Nikiinama kuokota kijiko alikuwa ameshafika.

Kwetu mtu aliyetoka hospitali hupokelewa kama mgeni. Watu huja na maziwa, na mayai, na kuku aliyefungwa miguu. Huketi, huuliza umelalaje, na hawakubali mgonjwa ainuke kufanya kazi mbele yao. Kumwacha mgonjwa afanye kazi ni kuutangazia ulimwengu kwamba hana ndugu. Wengine nimewafanyia hivyo maisha yangu yote. Sikuwa nimewahi kuwa mimi ndiye ninayefanyiwa.

Tiba ilikuwa imekwisha, daktari alisema hivyo waziwazi, na nilitegemea uchovu nao ungekwisha. Haukuisha. Nimelima tangu utotoni na nilidhani nazijua aina zote za uchovu. Uchovu wa jembe unaanzia kiunoni, unapanda mabegani, na ukilala unaamka umeuacha kitandani. Huu uliamka pamoja nami. Niliweza kulala usiku kucha na nusu ya mchana, nikainuka, nikafika mlangoni, nikalazimika kushika mwimo. Kuoga kulinichosha. Kuwasikiliza wageni kulinichosha kuliko kuoga. Nilisoma ukurasa mmoja wa kipeperushi cha hospitali, na nilipofika mwisho nilikuwa nimesahau mwanzo. Hilo lilinitisha kuliko miguu.

Lilinitisha kwa sababu kusoma ndiko kulikonipa shamba. Niliishia darasa la saba. Mume wangu aliporithi kipande hiki, chenye zabibu chache zilizokuwa zimejifia nusu, yeye alikuwa na kazi yake ya kuendesha lori la mahindi kutoka Kibaigwa, na mimi nilikuwa na muda. Nilikusanya kila karatasi ya maelekezo niliyoweza kuipata. Nilikwenda kwa wataalamu wa kituo cha utafiti nikawauliza maswali mpaka wakawa wakiniona getini wanacheka. Kando ya minyaa niliacha safu moja niliyoiita safu ya makosa, ambako nilijaribu kila jambo kabla ya kulipeleka kwenye safu nyingine. Kupogoa nilijifunzia huko: kulikata tawi la mwaka uliopita na kubakiza macho mawili tu, yale mafundo yanayochipua, na kuwa na moyo wa kuutupa wingi wote uliobaki. Anayeanza huona huruma, huacha matawi marefu. Mzabibu humlipa majani.

Na hilo ndilo lililotupata nilipokuwa Dar. Mume wangu aliweka vibarua wapogoe. Walikuwa watu wazuri, lakini walikuwa na huruma. Nilirudi nikakuta shamba zima limefunga msitu wa majani, na mavuno ya kiangazi yakawa vishada vidogo vilivyojificha.

Mume wangu alisubiri wageni wapungue. Jioni moja aliketi ukingoni mwa kitanda, kofia mkononi.

"Jirani wa chini ya barabara amelitaka shamba," alisema. "Kulikodi. Miaka kadhaa. Anaijua kazi."

"Umemjibu nini?"

"Nimemwambia asubiri upogoaji wa kabla ya mvua. Ukishika mkasi wewe, shamba ni lako, sina neno. Usiposhika, tumpe. Mimi niko barabarani, siwezi. Afadhali lilimwe na mtu kuliko life machoni pako."

Hakusema kwa ubaya. Nilijua pia kwamba ana haki. Zabibu zikikosa kupogolewa vizuri misimu miwili, kuzirudisha ni kazi ya miaka, na mtu akishalishika shamba kwa miaka kadhaa, huwa mazoea. Nilihesabu kichwani miezi iliyobaki hadi upogoaji, nikaona inatosha. Sikujua nitafanya nini ndani yake.

Nilichofanya kwanza kilikuwa kosa, na nafikiri ni kosa la mtu wa Dodoma.

Asubuhi moja ya baridi, ule upepo wa kiangazi ukipiga mabati, niliamka nikiwa mwepesi. Sikushika mwimo. Wifi alikuwa amekwenda kanisani. Nilifua mashuka, nikafagia uwanja hadi nyuma ya jiko, nikapalilia chini ya safu mbili, nikavuta mirija ya matone iliyokuwa imeziba, nikaizibua, kisha nikapika chakula cha watu wote. Wifi aliporudi alinikuta nageuza ugali, jasho linanitoka, na ninaimba.

"Umepona!" alisema, akapiga kigelegele hadi jirani akachungulia.

Kesho yake sikuweza kuinua kichwa. Wala keshokutwa. Wiki ilipita nikiwa kitandani, dirisha limefungwa, na wifi akitembea kwa ncha za vidole kana kwamba ndani kuna maiti. Hakunilaumu. Alisema tu, akinipa uji, "Siyo wewe uliyekosea. Ni mimi niliyekwenda kanisani."

Hali hiyo ilijirudia. Siku njema moja, nikaitumia yote. Kisha siku nyingi za kulala. Na kila nikilala muda mrefu, siku njema iliyofuata ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia.

Nilipokwenda kliniki mjini, daktari alinipima damu na mambo mengine aliyoyaeleza moja baada ya jingine, kwa sababu nilimwomba aeleze. Majibu yalikuwa mazuri. Nadhani hakuna aliyewahi kupokea majibu mazuri kwa huzuni kama mimi. Kama damu ingekuwa pungufu ningepewa vidonge. Sasa nilikuwa mtu mzima asiye na upungufu wowote, asiyeweza kufua.

"Basi mimi ni mvivu," nilimwambia.

"Hapana, mama. Huu uchovu upo, na unawapata wengi baada ya tiba hii. Lakini dawa yake haimo kwenye chupa." Akanielekeza chumba cha mwisho cha korido, kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Nilimkuta binti wa umri wa kuniita mama, amevaa raba, chumba chake kina mikeka na mipira. Aliniamkia shikamoo, akanivutia kiti, na akaanza kuniuliza mambo ambayo sikuyatarajia kwa mtu wa viungo: naamka saa ngapi, nalala saa ngapi mchana, nani anapika, siku njema naifanyia nini. Baadaye nilijua kwamba alisomea pia ushauri wa tabia na fikra, na kwamba kwa uchovu huu mambo hayo mawili hufanya kazi vizuri yakienda pamoja. Nilimsimulia siku ya mashuka.

"Kwa nini ulifanya yote siku moja?"

Nilimshangaa. "Sikujua kama nguvu zitarudi kesho."

"Mama analima nini?"

"Zabibu. Na mtama kidogo, wa chakula."

"Mtama unaupanda lini?"

"Mvua ya kwanza ikinyesha. Siku hiyohiyo. Tunatoka kabla hakujapambazuka, watu wazima na watoto, kila mwenye mikono. Hujui kama itanyesha tena."

"Na zabibu unazimwagia maji lini?"

"Kwa ratiba."

"Hata kama siku hiyo zinaonekana hazina kiu?"

"Ratiba ni ratiba. Ukisubiri mpaka jani linyauke umechelewa. Na ukimwaga maji yote siku moja unaozesha mizizi na tanki linakauka."

 Alikaa akinitazama, mikono magotini, na mimi nikawa nimeyasikia maneno yangu mwenyewe. Nguvu zangu nilikuwa nazilima kama mtama.

Kuanzia siku hiyo kazi yetu ilikuwa kuhama kutoka kwenye mvua kwenda kwenye matone. Kuamka saa ileile, njema au mbaya. Mchana kupumzika nimeketi, muda mfupi, nimetega kengele ya simu, ikiita nainuka. Kitandani ni usiku. Kutembea kila siku mwendo mdogo unaowezekana hata katika siku mbaya, na katika siku njema usiozidi hapo. Kuongeza kidogo tu, baada ya mwili kuzoea. Na mkono wa upande wa upasuaji niunyooshe polepole, vidole vikipanda ukuta kama mjusi, mpaka bega likubali.

"Lililo gumu zaidi," alisema, "ni kuacha ukiwa bado unaweza. Watu wengi hukaa wakishachoka. Mama atakaa kabla."

Nilimweleza habari ya shamba na upogoaji. Hakuniahidi kitu. Aliniuliza safu moja ina urefu gani, na waya wa juu unafika wapi kwenye mwili wangu. Niliweka mkono juu ya paji la uso. Mkono wa pili, ule wa upasuaji, ulikuwa unaishia kidevuni. "Basi tuna pa kuanzia," alisema.

Tatizo lilikuwa wifi.

Nilimweleza jioni ile ile, kwa utaratibu, kama nilivyoelezwa. Alisikiliza akichambua mlenda.

"Kwa hiyo hospitali imesema mgonjwa atembee barabarani."

"Hadi kwenye tanki jeusi la jirani. Na kurudi."

"Na mimi nikae hapa nikipika, watu wapite waseme, yule dada mtu kamtoa mgonjwa ndani akachote upepo."

"Wifi, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nina miezi."

Aliweka chini majani, akanitazama, akacheka bila kutaka. "Hilo jembe sikupi. Ila tanki, twende."

Tulikwenda. Nilitangulia mimi, polepole, kanga mabegani. Nyuma yangu alifuata wifi amebeba kichwani kigoda cha jikoni, ili nikianguka, niangukie juu yake. Kwenye mashine ya kusaga wanawake walikuwa wameketi kwenye magunia wakisubiri zamu.

"Shikamoo mama! Mnahamia wapi?" aliuliza mmoja.

"Mwenye nyumba katufukuza," wifi alijibu bila kugeuza shingo. "Tumeokoa kigoda."

Kila siku kigoda kilikwenda matembezini na kurudi. Wale wa mashine waliacha kucheka na kuanza kukiulizia hali yake. "Kigoda hakijachoka leo?" "Kimelala vizuri?" Nilikikalia mara mbili tu, lakini sikumwambia wifi akiache, kwa kuwa niliona kwamba akikibeba anapata jambo la kufanya, na akipata jambo la kufanya hanipokonyi ufagio.

Mkono niliufanyia mazoezi kwenye ukuta wa jiko. Mara ya kwanza wifi aliponiona nimesimama uso ukutani, vidole vinatambaa, aliuliza kama natafuta kunguni. Baadaye alichukua kipande cha mkaa akaweka alama pale vidole vilipofikia, na kila baada ya siku kadhaa aliweka nyingine juu yake. Asubuhi mume wangu akiondoka alizitazama zile alama huku akivaa viatu.  Alama ya waya wa juu niliichora mimi mwenyewe, mbali sana juu ya nyingine.

Siku mbaya hazikuacha kuja. Hili nataka lieleweke, kwa sababu nimewasikia watu wakisimulia kupona kama kupanda ngazi. Kulikuwa na alasiri moja nilipofika kwenye tanki jeusi, miguu ikawa mizito ghafla, na fikra ikaingia yenyewe: umerudi. Saratani imerudi. Huu si uchovu, ni yenyewe. Moyo ulienda mbio, na kwa sababu ya mbio hizo nilichoka zaidi, na kwa kuchoka zaidi fikra ikapata ushahidi wake.

Tulikuwa tumelizungumza hilo na binti wa viungo. Alikuwa ameniuliza, "Mama akichoka, kichwa kinamwambia nini?" Nilimficha mara ya kwanza, nikasema hakisemi kitu. Mara ya pili nilimwambia. Hakunikataza kuogopa. Aliniuliza tu, jani la zabibu likinyauka, naanza na lipi?

Naanza na maji. Natazama koki, natazama mrija kama umeziba, naukumbuka upepo wa jana. Kisha naangalia wadudu. Ugonjwa wa shina nauwazia mwisho, na kama dalili zinabaki namwita mtaalamu. Hakuna mkulima anayeng'oa mzabibu kwa sababu ya jani moja la mchana.

Basi pale kwenye tanki niliketi juu ya kigoda na kujiuliza maswali ya shambani. Jana usiku nimelala? Kidogo, kulikuwa na msiba kwa jirani, vilio vimetuamsha. Nimekula? Uji tu. Kliniki ya mwisho walisema nini? Wamepima, wameridhika. Kliniki ijayo ni lini? Ipo, si mbali, na nitawaeleza. Fikra haikuondoka, lakini ilirudi nyuma kidogo, kama mbwa wa jirani anayekujua. Wifi alisimama pembeni akitazama barabara, kana kwamba tuna ahadi na bajaji.

"Turudi?" aliuliza.

"Turudi. Polepole."

Kesho yake hali yangu ilikuwa mbaya bado, na nilitaka sana kulala. Nilitembea hadi getini na kurudi. Siku nyingine ningeona aibu kuuita huo mwendo. Lakini nilikuwa nimeielewa kanuni: siku mbaya hupewa kidogo, hainyimwi, na siku njema haipewi ziada.

Alama za mkaa zilipanda. Tulivuka tanki, tukavuka kona, tukafika lami. Nilisoma kipeperushi kizima na kukumbuka mwanzo wake.

Upogoaji ulipokaribia nilianza mapema kuliko wenzangu, kwa sababu nilijua nitakwenda taratibu. Shamba likipogolewa kwa wiki nyingi haliivi pamoja. Safu za mwanzo hutangulia. Niliwaza hilo, nikaamua kwamba zitakazotangulia nitawauzia wanawake wa sokoni mjini, ambao siku zote hulalamika kwamba zabibu zetu huja zote kwa mkupuo. Nilianzia kwenye safu ya makosa, nilikozoea kujaribu mambo.

Nilichana kanga kuukuu vipande. Kimoja nilikifunga kwenye nguzo ambayo siku hiyo sitaipita hata nikijisikia vipi. Haikuwa mbali na mwanzo wa safu. Wifi aliweka kigoda chini ya nguzo hiyo. Kazi yake ilikuwa kukusanya matawi niliyoyaangusha na kuyapeleka jikoni kuwa kuni, na kusema.

"Hili umeliacha fupi sana."

"Macho mawili, wifi."

"Maskini. Lilikuwa zuri."

"Ndiyo maana hupewi mkasi."

Mwanzoni kila jicho lilikuwa uamuzi. Mkono wa upasuaji ulishika tawi, ule mwingine ulikata. Waya wa chini kwanza, waya wa juu baadaye. Nikifika kwenye kitambaa niliketi, hata kama mkono ulikuwa bado unataka. Hapo ndipo nilipouelewa ugumu alioutaja yule binti. Kuendelea ukiwa umechoka ni ushupavu, na ushupavu tumefundishwa tangu utotoni. Kuacha ukiwa na nguvu sikufundishwa na mtu. Kila siku nilipokaa niliona kama naiba.

Mume wangu alikuwa amerudi kutoka Kibaigwa siku jirani alipokuja kulitazama shamba. Nilijua atakuja, ndivyo walivyokubaliana. Nilikuwa nimehamia safu za katikati, kitambaa kimesogea nguzo kadhaa, siku sasa ikiwa na sehemu mbili, kila moja na kitambaa chake na mapumziko katikati, na asubuhi ile nilikuwa mwepesi kama siku ile ya mashuka. Nilikata vizuri. Nilisikia sauti zao zikija kutoka uwanjani, viatu vya jirani kwenye majani makavu, na nikatazama mbele: kitambaa kilikuwa mizabibu miwili mbele yangu. Nilikata wa kwanza. Nikakata wa pili. Nikafika kwenye nguzo.

Walikuwa bado nyuma ya safu, hawajaniona. Nilikuwa na nguvu za kuendelea hadi mwisho, na nilijua hivyo kwa yakini. Ningewaacha waje wanikute nimesimama, mkasi ukilia, mkono umefika waya wa juu. Jirani angeona, mume wangu angeona, na mambo yangekwisha hapo. Gharama ningeilipa kesho kitandani, na kesho jirani asingekuwepo. Nilishika tawi lililofuata. Niliweka mkasi juu ya jicho la pili.

Kisha niliuondoa mkasi. Kesho kulikuwa na safu nyingine, na keshokutwa nyingine, na wiki za safu baada ya hizo. Mtama hupandwa siku moja. Hili halikuwa shamba la mtama. Niliweka simu iite, nikaketi kwenye kigoda, mkasi magotini.

Ndivyo walivyonikuta.

"Shemeji," jirani alisema, akavua kofia. "Pole. Pole sana." Alitazama zile safu, mashina yaliyokatwa, kisha akanitazama mimi chini pale nilipokaa. Ni mtu mpole, na sauti aliyoitumia kumgeukia mume wangu ilikuwa ya upole. "Ndugu yangu, mama bado amechoka. Tusimwonee."

Mume wangu alikuwa ananitazama, na nilijua alichokiona: mwanamke aliyekaa. Nilifungua mdomo nieleze, kwa utaratibu, mambo ya matone na ratiba. Ni wifi aliyenitangulia. Alikuwa ameinama anafunga mzigo wa matawi, na hakuinuka kabisa.

"Nani kachoka?" alisema. "Hajachoka. Ndiyo maana amekaa."

Jirani alicheka. "Dada, hiyo ni hesabu ya wapi?"

"Ya hospitali. Mimi pia ilinishinda. Subiri, bwana wee, una haraka ya nini? Nyote wanaume mnakaa mkishaanguka."

Walisubiri. Upepo ulikuwa unapita chini ya waya. Wifi alikuwa akimwuliza jirani habari za mbuzi wake, mmoja mmoja. Simu iliita. Niliinuka bila kushika nguzo, nikarudi mwanzoni mwa safu ya pili, ile ambayo ilikuwa sehemu yangu ya baada ya mapumziko, nikanyanyua mkono wa upasuaji hadi waya wa juu, nikalishika tawi, nikakata. Macho mawili. Nikaenda kwenye linalofuata. Sikufanya haraka na sikutazama nyuma.

Jirani alisogea akashika shina moja, akakagua mikato. Anaijua kazi, mume wangu alisema kweli. Aligeuza tawi, akapitisha kidole gumba kwenye mkato.

"Hizi zimepogolewa na mtu mmoja," alisema.

"Mmoja," mume wangu alijibu. Alivaa kofia yake. "Zabibu ukizitaka, njoo wakati wa mavuno. Ukutane na mwenyewe hapo, mpatane."

Walirudi uwanjani kunywa chai. Nilimaliza sehemu yangu, nikafika kwenye kitambaa cha safu ya pili, nikaacha. Niliweka mkasi mfukoni mwa aproni na kwenda kumsaidia wifi kubeba kuni. Alinitazama, akagawa mzigo, akanipa ule mdogo. Ulikuwa mzigo wa kwanza kunikabidhi kwa mkono wake tangu nirudi.

Jioni, jua likiwa limeshuka upande wa minyaa, nilifungua dirisha la chumba cha kulala. Nilimwona wifi peke yake kati ya safu. Alikuwa amefungua kile kitambaa cha kanga na anakifunga upya nguzo tatu mbele, kwa nguvu, kwa meno.

"Wifi!" niliita. "Rudisha."

"Leo umeweza! Nimekuona kwa macho yangu!"

"Wiki ijayo. Na ni nguzo moja."

Alisimama pale, mikono kiunoni, akasema jambo kwa Kigogo ambalo sikulisikia vizuri kwa sababu ya upepo. Kisha alikifungua, akatembea kurudi, akakifunga pale kilipokuwa.